Mawimbi Yanapokutana: Historia ya Kupima na Kuhesabu Chembe za Nano kwa Nuru

Chembe yenye kipenyo cha nanomita 50 ni ndogo kiasi kwamba chembe elfu ishirini zikipangwa mstari mmoja zinatimiza milimita moja tu. Hakuna lenzi, hata iwe bora namna gani, inayoweza kuchora umbo lake kwa nuru ya kawaida, kwa kuwa mawimbi ya nuru inayoonekana yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700, na wimbi halichori kwa undani kitu kilicho kidogo mno kuliko lenyewe. Hata hivyo mwendo wa chembe hizo hupimwa kila siku katika maabara za dawa, za rangi, za chakula na za virusi, na kinachopima ni nuru hiyohiyo. Kinachowezesha hayo ni tabia moja ya mawimbi: yakikutana mawili, kilele juu ya kilele huzidisha mwanga, na kilele juu ya bonde huleta giza. Tabia hiyo huitwa mwingiliano wa mawimbi. Chembe ikisogea hata sehemu ndogo ya urefu wa wimbi, mwanga na giza hubadilishana nafasi, na mabadiliko hayo hupimika hata pale ambapo chembe yenyewe haionekani.

Walioshughulika na kazi hii walikuwa na maswali mawili. La kwanza, chembe inakwenda kwa kasi gani? La pili, katika kila mililita mna chembe ngapi? Hilo la pili ndilo swali la ukolezi, na kwa mtazamo wa haraka ndilo linaloonekana jepesi. Historia imeonyesha kinyume chake. Mwendo ulipata kipimo cha kuaminika mapema. Kuhesabu chembe kumesumbua vizazi kadhaa, na mpaka leo hakujatulia.

Habari inaanzia London, mwanzoni mwa karne ya 19. Kati ya 1801 na 1803 Thomas Young, aliyekuwa tabibu, aliieleza Royal Society kwamba nuru husafiri kama mawimbi, na kwamba miale miwili inayotoka chanzo kimoja inaweza kuongezeana au kufutana. Wengi hawakumwamini, maana Isaac Newton alikuwa amefundisha kwamba nuru ni chembe zinazoruka, na neno la Newton lilikuwa zito. Young hakuishia kwenye hoja. Mwaka 1813 alieleza kifaa alichokiita eriomita, cha kupimia unene wa nyuzi za sufu. Kilikuwa na bamba lenye tundu katikati na vitundu vidogo vilivyolizunguka. Taa iliwekwa nyuma ya bamba, na mpimaji alishika sufu au unga karibu na jicho akilitazama tundu lile. Mawimbi yaliyopinda kwenye kingo za nyuzi yalikutana tena na kuchora duara za rangi kuuzunguka mwanga. Mpimaji alisogeza bamba mbele au nyuma mpaka duara moja ilipoangukia sawasawa juu ya vitundu, kisha akasoma umbali. Nyuzi nyembamba hutoa duara pana, na nyuzi nene hutoa duara finyu. Kwa njia hiyo Young alilinganisha sufu za aina mbalimbali, na akapima hata chembe za damu. Ni mfano wa mapema wa mwingiliano wa nuru kugeuzwa kipimo cha vitu vidogo, na unastahili kutajwa zaidi kuliko unavyotajwa.

Chembe za Young zilikuwa zimetulia. Zile zisizotulia zilimjia Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, mwaka 1827. Alikuwa akichunguza chavua ya ua liitwalo Clarkia pulchella chini ya hadubini ya lenzi moja, akaona kwamba vipande vidogo vilivyotoka ndani ya chavua vinachezacheza majini bila kukoma. Kwanza alidhani ni uhai. Kisha akajaribu vitu visivyo na uhai, vioo na mawe yaliyosagwa, hata kipande cha jiwe la Sphinx ya Misri, na vyote vilicheza vilevile. Brown hakujua sababu, lakini aliondoa dhana potofu, na mwendo huo ukabaki na jina lake.

Miaka hamsini na ushee baadaye alitokea mtu ambaye historia imemtendea kwa ubahili. Louis-Georges Gouy, mwanafizikia wa Ufaransa, alishughulikia pande zote mbili za suala hili akiwa peke yake. Mwaka 1880 alieleza kwamba mtu akitandaza kimiminika kimoja juu ya kingine kwenye chombo cha kioo, kisha akapitisha nuru katika mpaka wao, hutokea milia ya mwanga na giza. Sababu ni kwamba kimiminika chenye vitu vingi zaidi huchelewesha nuru zaidi. Miale inayopita juu ya mpaka na inayopita chini yake hupinda kwa pamoja, na ikikutana huwa haiko sawa. Vimiminika vinapozidi kuchanganyika, milia husogea. Mwaka 1888 Gouy huyohuyo alichapisha uchunguzi wa mwendo wa Brown, akionyesha kuwa hautokani na mitikisiko ya nje wala mikondo ya maji, bali na joto lililomo katika molekuli zenyewe. Hakuunganisha kazi zake mbili kuwa njia moja ya kupimia, na hapakuwa na hesabu ya kumsaidia kufanya hivyo.

Milia ya Gouy ilingoja hadi mwaka 1947, wakati Lewis Longsworth wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alipoitumia kupima jinsi molekuli zinavyosambaa majini, na Gerson Kegeles na Louis Gosting wakatoa nadharia yake kamili. Katika njia hiyo idadi ya milia huonyesha tofauti ya ukolezi kati ya vimiminika viwili, na kasi ya kusogea kwake huonyesha kasi ya msambao. Kwa hiyo kifaa kimoja kilijibu maswali yote mawili. Lakini gharama ilikuwa kubwa. Jaribio lilichukua saa nyingi, joto la chumba halikutakiwa kubadilika, na mpaka kati ya vimiminika ulipaswa kuwa laini bila kuvurugwa. Juu ya hayo, ukolezi uliosomwa ulikuwa wa uzito, gramu ngapi kwa lita, si idadi ya chembe.

Hesabu aliyoikosa Gouy ilitoka Bern, Uswisi. Mwaka 1905 Albert Einstein, aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza, alionyesha kwamba chembe inayosukumwa huku na huku na molekuli haina kasi ya kupimika kwa maana ya kawaida. Kinachopimika ni umbali inaofikia, na umbali huo hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani kufika mara mbili zaidi kunahitaji muda mara nne. Marian Smoluchowski alifikia jambo hilohilo kwa njia yake na kulichapisha mwaka 1906. Fomula yao inaunganisha msambao, joto, mnato wa kimiminika na ukubwa wa chembe. Kwa chembe ya nanomita 100 katika maji ya nyuzi 25, inatoa umbali wa takribani mikromita 3 kwa sekunde ya kwanza katika upande mmoja. Tangu hapo aliyejua mwendo alijua na ukubwa.

Jean Perrin wa Paris aliipima fomula hiyo kwa macho. Alitumia utomvu wa manjano uitwao gamboji, ambao wachoraji walikuwa wakiufanya rangi, akautenganisha kwa mashine ya kuzungusha mpaka akapata punje zinazolingana. Nafasi ya punje moja iliwekwa alama kwenye karatasi ya miraba kila baada ya sekunde 30. Kuhesabu kulimchosha zaidi. Punje zilizidi kuwa chache kadiri alivyopanda juu katika tone la maji, kama hewa inavyopungua mlimani, na Perrin alitaka kujua zinapungua kwa kiasi gani. Macho hayawezi kuhesabu mamia ya vitu vinavyokimbia, kwa hiyo aliziba uwanja wa hadubini kwa bamba lililotobolewa kwa sindano, zikaonekana punje chache tu kwa mara moja, kiasi cha kuhesabika kwa kutupa jicho. Alirudia kutazama hivyo mara nyingi mno. Katika mfululizo mmoja, wenye punje zipatazo 13,000, idadi katika kimo cha mikromita 5, 35, 65 na 95 ilikuwa kwa uwiano wa 100, 47, 22.6 na 12. Kutokana na namba hizo alikadiria idadi ya molekuli katika kiasi maalumu cha maada, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Punje za Perrin zilikuwa kubwa: zile alizozihesabu katika mfululizo huo zilikuwa na nusukipenyo cha mikromita 0.212. Kuteremka chini ya hapo kulikutana na kizuizi kilichokwisha kuelezwa na Lord Rayleigh mwaka 1871. Chembe ndogo kuliko urefu wa wimbi hutawanya nuru kwa kiasi kinachofuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara sita. Chembe ikipungua kipenyo mara kumi, nuru inayotoka kwake hupungua mara milioni. Richard Zsigmondy na Henry Siedentopf walijaribu kukabiliana na kizuizi hicho huko Jena, Ujerumani, mwaka 1903, kwa hadubini iliyoangaza sampuli kutoka ubavuni ili usuli ubaki mweusi na kila chembe ionekane kama nukta inayong'aa. Kwa dhahabu, ambayo hutawanya nuru vizuri, kifaa hicho kilifanya maajabu, na Zsigmondy alipata Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Kwa protini, mafuta au virusi, nukta zilikuwa hafifu mno. Kwa miongo mingi iliyofuata, watu waliofikiria chembe hizo walifikiri juu ya namna ya kupata nuru kali zaidi na usuli mweusi zaidi. Kuichanganya nuru dhaifu na nuru nyingine kwa makusudi lilionekana jambo la kuharibu kazi.

Nuru kali ilipatikana. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960, na kabla mwaka haujaisha ikatokea leza ya gesi za heli na neoni, ambayo mwaka 1962 ilianza kutoa mwale mwekundu wa nanomita 632.8. Nuru hiyo ilikuwa na sifa ambayo taa yoyote ya awali haikuwa nayo: mawimbi yake yanakwenda kwa hatua moja. Watu walioielekeza kwenye ukuta au karatasi waliona madoa ya mwanga na giza yaliyotapakaa kama punje, na wengi waliyachukulia kuwa kero. Madoa hayo ni mwingiliano wa mawimbi yanayotoka sehemu nyingi za uso uliokwaruzika. Leza ikipitishwa katika kimiminika chenye chembe, madoa hayo hayatulii. Katika kimiminika kizito yanaonekana kwa macho yakichemka polepole, kila doa likiwaka na kuzima kwa wakati wake. Katika maji yanabadilika upesi kiasi kwamba jicho halipati ila ukungu mwekundu. Kila kuwaka na kuzima ni ishara kwamba chembe fulani zimesogea kiasi cha sehemu ya urefu wa wimbi.

Ugumu wa kuisoma ishara hiyo unaonekana katika namba. Nuru ya nanomita 632.8 hutetemeka mara trilioni 474 kwa sekunde. Chembe zinazotembea huibadilisha kidogo, nyingine zikiongeza na nyingine zikipunguza, lakini kwa chembe za nanomita 100 majini badiliko ni la mitetemo mia chache tu. Hakuna prizimu wala kifaa cha kupambanua rangi kinachoweza kuona tofauti ndogo hivyo. Mpiga udi anapolinganisha nyuzi mbili za jozi moja hakabiliwi na shida hiyo, kwa sababu hahesabu mitetemo. Husikia sauti ikivimba na kunywea, na mvumo huo humwambia nyuzi zimepishana kwa kiasi gani. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walifanya jambo hilohilo kwa nuru. Mwaka 1964 Herman Cummins, Norman Knable na Yin Yeh waligawa mwale wa leza, wakapitisha sehemu moja katika maji yenye matufe ya polistirini na nyingine pembeni, kisha wakaikutanisha miale yote miwili juu ya kipokezi kimoja. Umeme uliotoka humo ulipanda na kushuka kwa mvumo wa polepole unaoweza kupimwa kwa vifaa vya redio. Upana wa mvumo huo ulitoa kasi ya msambao, na kasi ya msambao ikatoa ukubwa wa matufe. Mwaka huohuo Robert Pecora, naye aliyesomea Columbia, alichapisha nadharia iliyoonyesha kile kinachotakiwa kuonekana, na Yeh na Cummins wakatumia wazo hilohilo kupima kasi ya maji yanayotiririka.

Mwaka uliofuata Norman Ford na George Benedek wa MIT waligundua kwamba hata mwale wa pembeni si wa lazima. Nuru zilizotawanywa na chembe mbalimbali huingiliana zenyewe kwa zenyewe, na kipokezi kidogo kikiwekwa mahali pa doa moja kinatosha. Mwaka 1967 Benedek, pamoja na Dubin na Lunacek, alipima kwa njia hiyo protini kadhaa, DNA, na virusi vya ugonjwa wa tumbaku ambavyo ni fimbo zenye urefu wa nanomita 300 hivi. Kazi iliyokuwa ikichukua saa nyingi kwa milia ya Gouy sasa ilichukua muda mfupi, na haikuhitaji mpaka kati ya vimiminika wala utulivu ule wa kuchosha.

Kilichobaki kilikuwa kuisoma ishara vizuri, na hilo lilitoka mahali ambapo mtu asingetarajia. Malvern ni mji mdogo magharibi mwa Uingereza, na humo serikali ilikuwa na kituo cha utafiti wa rada. Wataalamu wake, wakiwamo Roy Pike na Eric Jakeman, walikuwa mabingwa wa kuchambua kelele za rada, na waliona kwamba madoa ya leza ni kelele za aina hiyo. Wao hawakutafuta mvumo. Walihesabu fotoni moja moja. Mashine waliyoitengeneza, iitwayo korileta, hukata muda kuwa vipande vya sehemu ndogo sana za sekunde, ikahesabu fotoni katika kila kipande, kisha ikalinganisha hesabu ya sasa na ya baadaye kidogo, na ya baadaye zaidi. Muda ukiwa mfupi, hesabu hufanana, kwa kuwa chembe hazijasogea. Ukirefuka, kufanana hupotea. Kwa chembe za nanomita 100 zikitazamwa kutoka ubavuni, kumbukumbu hiyo hudumu takribani milisekunde 0.3, kwa chembe za nanomita 10 hudumu sehemu moja ya kumi ya hapo. Mwaka 1970 kundi la Malvern lilichapisha kipimo cha msambao wa hemosianini, protini inayobeba oksijeni katika damu ya wanyama kama konokono na kaa, katika ukolezi mdogo ambao mbinu za awali zisingeuweza. Katika miaka ya 1970 korileta zikaanza kuuzwa, mwaka 1972 Dennis Koppel akatoa hesabu rahisi ya kutafsiri matokeo yake, na mwaka 1996 njia ikapata kanuni zake za kimataifa za ISO. Leo kifaa cha aina hiyo ni kisanduku cha mezani, na karibu kila kiwanda kinachotengeneza dawa zenye chembe za mafuta kina kimoja.

Mafanikio hayo yalificha udhaifu mmoja mkubwa. Kwa kuwa nuru hufuata kipenyo kikizidishwa mara sita, chembe moja ya nanomita 100 hung'aa sawa na chembe milioni moja za nanomita 10. Katika mchanganyiko, kubwa chache humeza ndogo nyingi, na korileta husikia sauti ya kubwa tu. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii huchuja maji yao kwa uangalifu mkubwa na kuosha chupa kana kwamba ni za upasuaji. Vumbi kidogo linatosha kugeuza jibu. Udhaifu huu ndio uliozuia ukolezi. Ili kugeuza mwanga kuwa idadi, lazima ijulikane kila chembe hung'aa kiasi gani, na kosa la asilimia kumi katika kipenyo huwa kosa la zaidi ya asilimia sabini katika mwanga. Mwendo haukuhitaji kujua hayo, kwa sababu kumbukumbu ya nuru haitegemei ukali wake. Kipimo kilichokuwa imara kwa swali la kwanza kilikuwa dhaifu kwa la pili kwa sababu hiyohiyo.

Ili kuhesabu, ilibidi kurudi kwenye chembe moja moja, kama Perrin, lakini bila macho ya Perrin. Njia iliyoelekea huko ilikuwa imekwisha kuchorwa katika nyanja nyingine. Dennis Gabor, akifanya kazi katika kampuni ya umeme mjini Rugby, Uingereza, alionyesha mwaka 1948 kwamba wimbi dhaifu linaweza kuhifadhiwa lote, nguvu yake na hatua yake, likichanganywa na wimbi la rejea. Hiyo ndiyo hologramu, iliyompa Nobel mwaka 1971. Mwaka 1964, uleule wa majaribio ya Columbia, A. S. G. Curtis alitumia nuru inayorudi kutoka kwenye kioo cha hadubini ikichanganyika na inayorudi kutoka kwenye seli, ili kupima pengo lililopo kati ya seli na kioo. Mbinu yake ilijulikana kwa wanabiolojia na kupuuzwa na wapimaji wa chembe.

Hesabu ya mbinu hiyo ni rahisi na inafaa kufuatwa. Mahali ambapo kioo kinakutana na maji, takribani asilimia 0.4 ya nuru hurudi nyuma. Hilo ni wimbi la rejea. Tuseme wimbi linalorudi kutoka kwenye chembe lina kimo cha sehemu moja ya mia ya wimbi hilo. Likiwa peke yake, mwanga wake ni kimo kikizidishwa chenyewe, yaani sehemu moja ya elfu kumi, ambayo haionekani. Likijumlishwa na rejea, kimo kinakuwa 1.01, na mwanga unakuwa 1.0201: ongezeko la asilimia mbili, ambalo kamera huliona. Zaidi ya hapo, ongezeko hilo hufuata kipenyo kikizidishwa mara tatu, si mara sita. Chembe iliyopungua kipenyo mara kumi hupoteza mara elfu badala ya mara milioni. Kile kilichodhaniwa kuwa uchafu wa usuli, nuru inayorudi kutoka kwenye kioo, kilikuwa ndicho msaada uliohitajika.

Mwaka 2004 kundi la Vahid Sandoghdar katika chuo cha ETH, Zurich, liliitumia hesabu hiyo kugundua chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 5 tu. Miaka mitano baadaye Philipp Kukura na wenzake wa kundi hilo walifuatilia kirusi kimoja kikitembea juu ya utando wa mafuta, wakisoma nafasi yake na namna kilivyogeuka. Nuru ya namna hii pia hupima kimo. Chembe ikipanda kutoka kwenye kioo, njia ya nuru yake hurefuka mara mbili ya umbali iliopanda, na kwa leza ya kijani ya nanomita 532 doa lake hugeuka kutoka jeusi kuwa jeupe kila inapopanda takribani nanomita 100. Anayetazama picha hizo huona nukta ikipepesa, na kila mpepeso ni ngazi ya urefu unaojulikana.

Mjini Boston kundi la Selim Ünlü lilichukua njia ya kuhesabu. Lilitumia bamba la silikoni lililofunikwa tabaka jembamba la oksidi, likapakwa kingamwili zinazonasa virusi fulani, na mwaka 2010 likaonyesha kwamba kila kirusi kilichonaswa huonekana kama nukta inayoweza kuhesabiwa na kukadiriwa ukubwa. Mwaka 2014 walijaribu mbinu hiyo kwa virusi visivyo na hatari vilivyovishwa protini za nje za Ebola na Marburg. Uchaguzi huo una uzito kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo. Ebola ilitambuliwa mwaka 1976, na jina lake ni la mto ulio karibu na Yambuku, Kongo. Marburg ilitambuliwa Ulaya mwaka 1967 kwa watu waliokaribiana na tumbili waliotoka Uganda, na katika miaka ya karibuni imezuka Kagera mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024. Virusi vya Ebola vina unene wa nanomita 80 hivi, na kipimo kinachovihesabu bila kuvipaka rangi wala kuvizalisha kwanza ni jambo la kutamaniwa katika hospitali yoyote ya mpakani. Bado, bamba la Boston lilihesabu vilivyonaswa, na vilivyonaswa ni sehemu tu ya vilivyokuwamo.

Oxford ilisukuma mpaka wa chini zaidi. Mwaka 2018 Kukura, akiwa sasa huko, na washirika wake walionyesha kwamba protini moja moja ikitua juu ya kioo huacha kivuli kinacholingana na uzito wake, na hivyo molekuli zikapimwa uzito kwa nuru, moja baada ya nyingine. Holografia nayo ilipata nafasi yake: David Grier na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York, mwaka 2007, walisoma duara za mwingiliano kuizunguka chembe moja inayoelea na kupata nafasi yake ya pande tatu, ukubwa wake, na kiasi inachochelewesha nuru. Njia hiyo ilifaa zaidi kwa chembe zinazokaribia mikromita moja.

Swali la mwendo na swali la idadi yalikutana tena Erlangen, Ujerumani, ambako Sandoghdar alikuwa amehamia. Mwaka 2022 Anna Kashkanova na wenzake wa Taasisi ya Max Planck walichapisha njia ya kufuatilia chembe zinazoelea huru kwa kutumia rejea ya kioo. Ufuatiliaji wa chembe kwa nuru iliyotawanywa peke yake ulikuwa umekwisha kuenea tangu miaka ya 2000 kupitia vifaa vya kampuni ya NanoSight ya Salisbury, lakini chembe hafifu zilipotea gizani. Kwa njia mpya kila chembe hutoa namba mbili zisizotegemeana: mwendo wake hutoa ukubwa, na nguvu ya doa lake hutoa aina ya maada iliyomo. Kifuko cha mafuta chenye maji ndani na punje imara ya ukubwa uleule, ambavyo korileta ingeviona kuwa kitu kimoja, hutengana katika makundi mawili kwenye grafu.

Kuhesabu kwa namna hii kuna kikwazo chake, na kikwazo hicho kinatokana na lenzi. Idadi ya madoa katika picha hugeuka kuwa ukolezi pale tu kina cha maji kinachoonekana kinapojulikana. Lakini chembe kubwa huonekana hata ikiwa mbali kidogo na mahali lenzi ilipolenga, na ndogo hutoweka upesi. Kwa hiyo kila ukubwa una ujazo wake wa maji, na ukolezi usiosahihishwa huzidisha idadi ya kubwa na kupunguza ya ndogo. Sampuli nzito kama damu au maziwa lazima izimuliwe kwanza mpaka madoa yasiingiliane, na kila kuzimua huongeza kosa lake. Ndiyo sababu ukolezi bado hutolewa kwa kulinganisha sampuli na matufe ya rejea ambayo idadi yake imekwisha kujulikana, ilhali kipimo cha mwendo hakihitaji rejea yoyote isipokuwa joto na mnato wa maji.